AI ikikulipia, nani amekubali?

Saa nne asubuhi pale Laare hakuna mtu ana muda. Miraa ilichumwa alfajiri, imefungwa mabunda, imefunikwa majani ya ndizi isinyauke, na gari liko tayari kuteremka Nairobi. Ikichelewa siku moja bei inashuka, na ikikaa zaidi hakuna anayeitaka. Wewe ndiye mnunuzi. Kuna wakulima wa kulipwa, wachumaji, wafungaji, dereva na mafuta. Simu inatetemeka: kidirisha kimejitokeza, weka PIN. Unaweka. Kinakuja kingine. Unaweka.

Jioni mtu akikuuliza, "Ule wa nane ulikuwa wa nani?", utamjibu nini?

Hilo swali halikuwa kubwa sana zamani, manake aliyekuomba malipo alikuwa mtu unayemjua, amesimama mbele yako. Sasa zimekuja programu za AI ambazo zinaweza kutafuta bidhaa, kuagiza na hata kuanzisha malipo zenyewe. Wateja wameanza kutuuliza: kama kompyuta ndiyo imelipa, nani amekubali? Na nikikataa baadaye, nitaonyesha nini? Makala hii ni ya kujibu hayo.

Kwanza tuelewane kwa neno moja. Hapa kwetu ukisema "ajenti", kila mtu anafikiria yule wa kibanda cha M-Pesa, mwenye float na daftari la kuandika namba ya kitambulisho. Watu wa kompyuta nao wamelichukua neno hilo hilo. Wakisema ajenti wa AI wanamaanisha programu ambayo haiishii kujibu maswali. Unaiambia, "Nitafutie mbolea ya kupandia, mifuko 10, iletwe Nkubu," na inatafuta, inaandikiana na muuzaji, inaagiza, na ukiiruhusu inalipa. Ili tusichanganyane, hapa tutamwita msaidizi wa AI, ama msaidizi tu. Yule wa kibanda abaki na jina lake.

PIN inasema nini, na haisemi nini

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, tumezoea kwamba PIN ndiyo sahihi. Lakini PIN inathibitisha kitu kimoja pekee: kwamba aliyebonyeza anazijua hizo tarakimu nne. Haisemi ni nani aliyebonyeza, wala kama alisoma alichokubali.

Nenda Runyenjes au Siakago, utapata hii kwa boma nyingi. Simu ni ya shosho, lakini mjukuu ndiye anajua PIN. Shosho akitaka kutuma pesa anamwita mjukuu, anamwambia kiasi, mjukuu anabonyeza. Kwa mfumo, shosho amekubali. Kwa ukweli, aliyekubali ni mjukuu, na shosho ameamini tu. Mjukuu akiwa mwaminifu mambo yanaenda. Siku akituma mia tano zaidi, hakuna rekodi yoyote itakayoonyesha tofauti.

Sasa, ukimpa msaidizi wa AI PIN yako, umejipatia mjukuu asiyelala, anayeweza kufanya malipo kumi kabla humalize kikombe cha chai. M-Pesa inaruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Na kama umejisajili Fuliza, salio kuisha si kizuizi tena, mlango unabaki wazi hadi kikomo chako. Kwa hivyo PIN haiandikwi kwa msaidizi, haihifadhiwi kwa programu yake, na hata akikuuliza kwa upole kiasi gani, jibu ni hapana. Sisi wenyewe hatuna mfanyakazi anayeruhusiwa kukuomba PIN. Kompyuta haina sababu ya kuruhusiwa.

Idhini ya kweli inadai zaidi ya tarakimu. Mtu mwenyewe ameona anayelipwa ni nani na ni pesa ngapi, anajua ni za nini, na alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Moja ikikosekana, ulichotoa ni PIN, si idhini.

Soma kidirisha kama unavyosoma hati ya shamba

Kwa malipo mengi ya biashara, tayari kuna mahali pazuri pa mtu kukubali: kile kidirisha kinachojitokeza kwa simu yako kikikuomba PIN. Duka, shule, ama roboti ya WhatsApp inayochukua oda hutuma ombi, na ombi linakuja kwa simu yako. Pesa haiondoki mpaka uweke PIN. Ukikifuta, ama ukikiacha muda wake uishe, hakuna kilicholipwa.

Lakini jua mambo mawili kuhusu kidirisha hicho.

La kwanza, kujitokeza kwake hakumaanishi ulikiomba. Anayekituma anahitaji namba yako ya simu tu. Wako watu hutuma maombi kama hayo kwa namba nyingi, wakitumaini mtu mwenye haraka atabonyeza. Kama hukuwa unanunua kitu dakika hiyo, futa. Hakuna deni, hakuna faini, hakuna laini itakayofungwa.

La pili watu wengi hawalijui, na ndilo tunataka ulishike. Maneno yaliyo kwenye kidirisha hayatoki mahali pamoja. Jina la biashara linatokana na usajili wa hiyo paybill ama till, anayeomba hawezi kujiandikia jina lolote dakika hiyo. Lakini ile sehemu ya "akaunti" huandikwa na anayeomba mwenyewe, hadi herufi 12. Anaweza kuandika MBOLEA, KARO, ama STIMA. Ukiona KARO ukadhani ni ya shule ya mtoto, umesoma neno la aliyekuomba pesa. Soma jina la biashara, soma kiasi. Akaunti ije mwisho.

Kuna kasoro moja hapo, tuiseme wazi. Biashara nyingi ndogo hupokea pesa kupitia kampuni ya katikati, kwa hivyo jina utakaloona linaweza kuwa la hiyo kampuni, si la agrovet uliyoagiza. Dawa yake ni ya kizamani: pigia muuzaji mapema umuulize, "Nikilipa, jina gani litatokea?" Liandike. Likija jingine, simama.

Ukiwa na msaidizi wa AI, kidirisha hiki kinakuwa na kazi kubwa zaidi. Msaidizi atafute, apange bei, aandae oda. Ombi la kulipa lije kwa simu yako, nje ya mazungumzo yenu. Kama alikuambia "mifuko 10, shilingi 38,000," na kidirisha kinasema 83,000, umeona kosa kabla pesa haijatoka. Lakini kama idhini yako ni kumwandikia msaidizi "sawa, lipa" ndani ya mazungumzo yale yale, unategemea maneno yake kuhusu anacholipa. Huyo anayejieleza ndiye huyo huyo anayetaka ukubali.

Na akikuambia amelipa, usitosheke. Programu hizi zinaweza kusema jambo limefanyika na halijafanyika, bila nia mbaya yoyote. Ukweli uko kwa meseji ya M-Pesa na kwa taarifa ya akaunti yako. Wenye maduka pale Gakoromone walijifunza hili kitambo kwa sababu ya meseji feki: mteja akionyesha meseji kwa simu yake, wao huangalia yao.

Cheki zilizosainiwa tupu

Hadi hapa tumezungumza kuhusu pesa unazoombwa. Upande wa pili ni mgumu zaidi, yaani biashara yako ndiyo inayolipa watu wengi. Chukua mnunuzi wa maziwa ama wa ndizi kule Imenti mwenye wakulima 200, na kompyuta yake imeunganishwa na akaunti ya M-Pesa ya biashara. Hapo hakuna kidirisha. Programu inajitambulisha kwa jina la mtumiaji na nenosiri lililowekwa siku ya kuiunganisha, inatuma orodha, pesa zinatoka. Hakuna simu inayotetemeka, hakuna mtu anayeulizwa PIN kwa kila malipo.

Ukiunganisha msaidizi wa AI hapo, unahitaji kujua mtu amekaa wapi kwenye hiyo njia. Kama hukumweka mahali, hayuko.

Watu wa chama wanalielewa hili bila kufundishwa. Akaunti ya chama inasainiwa na watu watatu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Inafanywa hivyo makusudi. Halafu mwenyekiti anahamia Nairobi, kila cheki inasumbua, na siku moja anasaini kitabu kizima tupu na kumwachia mweka hazina. "Utajaza tu." Sheria ya saini tatu bado iko kwa karatasi, na benki inaona saini zote. Lakini idhini iliisha siku ile kitabu kilisainiwa. Vyama vingapi vimevunjika hivyo, kila mtu ana chake cha kusimulia.

Kompyuta yenye nenosiri la kulipa bila mtu wa kuangalia ni kitabu cha cheki tupu.

Habari njema ni kwamba akaunti za biashara za kulipa watu wengi zina utaratibu wa watu wawili: mmoja anaandaa malipo, mwingine anayaidhinisha. Msaidizi wa AI anaweza kuwa wa kwanza. Ajumlishe lita za maziwa, apange majina, aandike kiasi. Wa pili awe mtu, mwenye jina lake la kuingia, nenosiri lake, na simu yake. Hapa ndipo biashara huteleza: mwenye duka anaweka manenosiri yote mawili kwa kompyuta moja "ili kazi iende haraka". Kwa mfumo ni watu wawili. Kwa ukweli ni mashine moja inajiuliza na kujijibu.

Na huyo wa pili asiidhinishe jumla. Jumla ya shilingi 412,600 inaweza kuwa sawa kabisa na bado ndani yake kuna mkulima ambaye namba yake ya simu ilibadilika jana usiku. Aangalie majina mapya, namba zilizobadilika, na yeyote ambaye leo kiasi chake kiko mbali sana na cha wiki iliyopita. Hao ndio wa kupigiwa simu. Wengine 190 wanaweza kupita.

Kuulizwa sana ni kama kutoulizwa

Mtu anaweza kusema, basi niulizwe kwa kila kitu. Turudi Laare kidogo. Ukiulizwa mara arobaini asubuhi moja, mara tano za kwanza unasoma. Baada ya hapo kidole kinajua njia chenyewe. Kwa maoni yetu, mfumo unaouliza kila shilingi hamsini unamchosha mtu mpaka anaacha kusoma, halafu ukileta shida unasema "lakini wewe ulikubali". Hiyo si haki.

Afadhali kuulizwa mara chache na ujibu kwa macho wazi. Mpe msaidizi orodha fupi ya watu anaoweza kulipa, mathalani dereva, mafuta na mchukuzi wa kila siku, na kikomo cha siku ambacho kikipotea chote hakitafunga biashara. Weka hizo pesa kwa till ama akaunti yake mbali, si pale akiba yako iko. Chochote nje ya orodha, ama juu ya kikomo, kije kwako. Namba mpya ije kwako hata kama ni shilingi mia.

Kanuni ya aina hii ni idhini pia, ila imetolewa mapema. Tayari tunaijua: mwaka 2024 Safaricom ilileta M-Pesa Ratiba, unapanga malipo yajirudie kila wiki ama kila mwezi. Unakubali mara moja, yanatoka mara nyingi. Kwa kodi ya nyumba ni sawa. Lakini idhini ya mapema inahitaji tarehe ya kuisha, na watu wa Meru na Embu wana sababu nzuri ya kulijua hilo kuliko wengi.

Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na soko la miaka mingi likafungwa. Machi 2020 Somalia ilizuia ndege za miraa, ikafungua tena Julai 2022. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikapiga marufuku muguka, ile ya Mbeere, na ndani ya siku chache Mahakama Kuu mjini Embu ikasimamisha kwa muda marufuku ya Mombasa na Kilifi. Fikiria wiki hiyo ungekuwa umemwambia msaidizi, "Kila asubuhi nunua muguka ya shilingi 60,000 Kiritiri, lipa gari, peleka Mombasa." Wewe umeshika redio unasikiliza habari. Yeye anaendelea kununua, kwa sababu ulisema kila asubuhi. Na kila malipo yamefuata idhini yako neno kwa neno.

Kwa hivyo ukitoa ruhusa ya kujirudia, iwe ya wiki moja ama mwezi, halafu iulizwe upya. Na ujue kitufe cha kuisimamisha kiko wapi kabla hujakihitaji.

"Ile pesa tuma kwa hii namba"

Hakuna Mkenya hajapata hiyo meseji. "Ile pesa tuma kwa hii namba ingine, hii ina shida." Inatumwa kwa maelfu, na mara moja moja inampata mtu ambaye kweli alikuwa karibu kutuma pesa kwa mtu. Wengi wetu tumejifunza kucheka na kufuta.

Msaidizi wa AI hakukulia hapa. Kazi yake ni kusoma maandishi na kuyafanyia kazi: barua pepe, ankara, ukurasa wa duka, meseji ya muuzaji. Mtu akiweka ndani ya ankara mstari unaosema "namba yetu ya till imebadilika, malipo yote yaelekezwe hapa," msaidizi anaweza kuuchukua kama maagizo halali. Wahandisi duniani kote wanapambana na udhaifu huu, na haujaisha. Ndiyo maana tunasisitiza kuhusu namba mpya. Mtu wa Nkubu akiambiwa agrovet aliyoizoea imebadilisha till, atampigia mwenyewe kwa namba ya zamani. Hiyo simu moja ndiyo msaidizi hapigi.

Wakubwa wa teknolojia nao wanatafuta njia ya kuthibitisha kwamba mtu alikubali. Septemba 2025 Google ilitangaza utaratibu uitwao AP2, pamoja na mashirika zaidi ya 60, yakiwemo Mastercard, PayPal na American Express. Wazo lake ni kwamba idhini iwe hati ya kidijitali yenye sahihi isiyoweza kubadilishwa baadaye. Ukiwepo, unatia sahihi kwa kikapu chenyewe, bidhaa na bei zake. Usipokuwepo, unatia sahihi mapema kwa masharti: nunua hiki, usizidi bei hii, kabla ya siku hii. Baadaye kukiwa na ubishi, kila upande unaonyesha hati. Ni ile chama tena, isipokuwa hapa cheki haiwezi kusainiwa ikiwa tupu.

Usingoje hiyo ifike kijijini ndipo uanze kuweka rekodi. Hifadhi ulichomwambia msaidizi, picha ya alichokuonyesha, na meseji ya malipo. Ujue pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kuna hali ambazo sheria inaruhusu, lakini hata hapo unaweza kudai uamuzi uangaliwe upya.

Ukigundua malipo ambayo hukukubali, usianze kugombana na msaidizi kwa mazungumzo. Kwanza mkate njia: badilisha PIN, ondoa ruhusa zake, na kama ni akaunti ya biashara, badilisha nenosiri la anayeandaa na la anayeidhinisha. Kama pesa imeenda kwa namba isiyo yake kupitia M-Pesa, sambaza ile meseji ya muamala kwa 456 mara moja, manake pesa ikishatolewa kwa ajenti, yule wa kibanda sasa, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa. Halafu tupigie. Tutakuuliza mambo matatu: ulimwagiza msaidizi nini, kidirisha ama orodha ilionyesha nini, na nani aliidhinisha, kwa simu gani.